Jorasanko: Nyumba ya Utotoni ya Tagore Iliyohifadhiwa kwa Kutumiwa

Kaskazini mwa jiji la Kolkata, nchini India, katika mtaa wa Jorasanko uliosongwa na maduka na karakana, imesimama nyumba kubwa ya kuta nyekundu ambamo mshairi Rabindranath Tagore alizaliwa tarehe 7 Mei 1861 na ambamo pia alifariki tarehe 7 Agosti 1941, baada ya maisha ya miaka 80 yaliyoitajirisha fasihi ya Kibengali kwa mashairi, nyimbo, riwaya, hadithi fupi na tamthilia, na yaliyoipatia Asia Tuzo yake ya kwanza ya Nobel ya Fasihi mwaka 1913. Wenyeji huiita Thakurbari, yaani nyumba ya akina Thakur, kwa kuwa Tagore ni namna Waingereza walivyoliandika jina hilo la ukoo. Zipo nyumba nyingi duniani zilizohifadhiwa kwa heshima ya waandishi waliokulia ndani yake, lakini ni chache sana zilizopewa kazi iliyopewa nyumba hii, ambayo tangu mwaka 1962 imekuwa chimbuko na makao ya chuo kikuu kinachofundisha muziki, ngoma na maigizo.

Desturi iliyozoeleka katika kuhifadhi nyumba ya mwandishi ni kuirudisha katika hali iliyokuwa nayo siku zake, kukusanya kitanda, meza, kalamu na miwani yake, kuvizungushia kamba vitu hivyo na kuwaruhusu wageni wapite wakitazama. Njia hiyo ina manufaa yake, kwa kuwa bila hiyo vitu vingi vya thamani vingepotea, ila ina upungufu mkubwa: huhifadhi alichoacha mwandishi bila kuhifadhi kilichomfanya awe mwandishi. Historia ya Jorasanko yastahili kuchunguzwa kwa makini kwa sababu inaonyesha kwamba nyumba inaweza kulindwa pamoja na shughuli iliyokuwa ikifanyika ndani yake, na kwamba katika nyumba kama hiyo shughuli yenyewe ndiyo urithi mkubwa kuliko samani.

Nyumba ya ukoo mkubwa

Msingi wa nyumba hiyo uliwekwa mwaka 1784 na Nilmoni Tagore, aliyehama makazi ya pamoja ya ukoo mtaani Pathuriaghata baada ya kutofautiana na ndugu yake Darpanarayan kuhusu mali, akapata kiwanja Jorasanko kutoka kwa familia ya wafanyabiashara. Calcutta, kama jiji hilo lilivyoandikwa rasmi hadi mwaka 2001, lilikuwa wakati huo kitovu cha utawala wa Kampuni ya Kiingereza ya Uhindi Mashariki, na wazawa waliojua lugha na taratibu za kampuni hiyo walijipatia utajiri wa haraka. Mjukuu wa Nilmoni, Dwarkanath Tagore (1794–1846), aliufikisha utajiri huo kileleni: alikuwa na mashamba makubwa, alihusika na benki, makaa ya mawe na meli, na mwaka 1823 alijenga kando ya nyumba ya awali jengo la pili la kupokelea wageni, hasa Wazungu, ambao isingekuwa rahisi kuwakaribisha kwenye meza ya familia ya Kihindu iliyofuata miiko ya chakula.

Dwarkanath alifia London mwaka 1846 akiacha madeni makubwa, na mzigo huo ukamwangukia mwanawe Debendranath (1817–1905), mtu wa ibada kuliko biashara, aliyekubali kuyalipa madeni hayo kidogo kidogo kwa miaka mingi. Debendranath alijiunga na Brahmo Samaj, jumuiya iliyoanzishwa na Rammohun Roy mwaka 1828 kwa lengo la kuirejesha dini ya Kihindu kwenye ibada ya Mungu mmoja asiye na sanamu, akawa kiongozi wake mkuu. Uamuzi huo uliubadili moyo wa nyumba. Katika ua wake wa ndani kulikuwa na thakurdalan, yaani ukumbi wenye nguzo na matao ambamo familia tajiri za Kibengali ziliweka sanamu za miungu wakati wa sikukuu. Debendranath alipoacha ibada ya sanamu, ukumbi huo uligeuka mahali pa sala na nyimbo za Brahmo, na kila mwaka, katika sikukuu ya Maghotsav ya mwezi Januari, zilihitajika nyimbo mpya za kuimbwa mbele ya kusanyiko. Wana wa Debendranath walizoea kutunga kwa ajili ya siku hiyo, na Rabindranath alipofikia umri wa kutunga alikuta nafasi inayomngojea, waimbaji waliokwisha kufunzwa na wasikilizaji waliojua kupima ubora wa wimbo.

Mpangilio wa jengo lenyewe ulikuwa sehemu ya malezi hayo. Msomaji anayezifahamu nyumba za mawe za Lamu, ambamo daka ni mahali pa wageni na ndani ni mahali pa familia, hatapata shida kuuelewa mgawanyo wa Jorasanko, ambako sehemu ya nje ilikuwa ya wanaume, wageni na shughuli za umma, na sehemu ya ndani ilikuwa ya wanawake na watoto wadogo. Katika sehemu ya ndani lilikulia kundi la wanawake waliokuja kuacha alama katika fasihi ya Kibengali: Swarnakumari Devi, dada yake Rabindranath, aliandika riwaya na kuhariri jarida, Jnanadanandini Devi, mke wa kaka yake Satyendranath, alianzisha mwaka 1885 jarida la watoto lililoitwa Balak, na Kadambari Devi, mke wa kaka yake Jyotirindranath, aliigeuza roshani ya juu kuwa bustani ya maua na baraza ya jioni ya mashairi na muziki. Kadambari, aliyemzidi Rabindranath umri kwa miaka miwili tu, alikuwa msomaji wake wa kwanza na mkosoaji wake mkali, na kifo chake cha kujiua mwaka 1884 kilimwachia mshairi huzuni iliyoendelea kusikika katika kazi zake hadi uzeeni.

Utoto nyuma ya madirisha

Rabindranath ndiye aliyekuwa mdogo kuliko watoto wote wa Debendranath na Sarada Devi waliosalia hai, na kwa kuwa baba yake alisafiri mara kwa mara na mama yake alikuwa na familia kubwa ya kusimamia, malezi yake ya awali yaliachwa mikononi mwa watumishi. Katika vitabu vyake viwili vya kumbukumbu, Jibansmriti kilichotoka mwaka 1912 na Chhelebela cha mwaka 1940, alieleza jinsi mtumishi mmoja alivyozoea kumkalisha chumbani, kumchorea duara la chaki kumzunguka na kumwonya asilivuke, naye mtoto, aliyekuwa amesikia kisa cha Sita aliyepatwa na balaa kwa kuvuka mstari aliochorewa katika utenzi wa Ramayana, akatii. Akiwa ndani ya duara hilo alitazama nje kupitia dirishani, akaliona bwawa la kuogea na mti mkubwa wa mbaniani uliokuwa ukingoni mwake, akawafuatilia waogaji waliokuja mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na namna yake ya kuingia majini.

Kumbukumbu hizo zina uzito mkubwa kwa yeyote anayejiuliza kwa nini nyumba ya mwandishi ihifadhiwe. Tamthilia ya Dak Ghar, maana yake nyumba ya posta, iliyochapishwa mwaka 1912, inamhusu mtoto mgonjwa anayeitwa Amal ambaye tabibu amemkataza kutoka nje, na ambaye kwa kukaa dirishani na kuzungumza na wapita njia anaufanya ulimwengu mzima umjie pale alipo. Uhusiano kati ya mtoto wa dirishani Jorasanko na mtoto wa dirishani jukwaani hauhitaji kubahatishwa, na mtu anayesimama katika vyumba vya nyumba hiyo, akaona unene wa kuta na wembamba wa mwanga unaopenya kwenye vibao vya madirisha, anaelewa kwa mwili jambo ambalo vitabu humweleza kwa maneno. Tamthilia hiyo imesafiri mbali na chimbuko lake: mwezi Julai 1942, katika kitongoji cha Wayahudi kilichozungushiwa ukuta mjini Warsaw, daktari na mlezi Janusz Korczak aliwaigizisha yatima wake Dak Ghar wiki chache kabla ya wote kupelekwa kuuawa katika kambi ya Treblinka.

Elimu rasmi haikumfaa Rabindranath, kwani shule kadhaa alizopelekwa aliziacha, hivyo elimu yake kubwa aliipata nyumbani. Ratiba ilikuwa nzito: mieleka alfajiri, kisha hesabu, lugha na sayansi, na hata somo la mifupa ya binadamu lililofundishwa kwa kutumia kiunzi halisi kilichotundikwa chumbani, na muziki kutoka kwa waimbaji walioishi na kulishwa na familia. Pembeni mwa ratiba hiyo lilikuwapo darasa lisilo na ratiba, yaani kuwaona wakubwa wakifanya kazi. Kaka yake mkubwa Dwijendranath alikuwa mshairi na mwanafalsafa, Satyendranath alikuwa Mhindi wa kwanza kufaulu mtihani wa utumishi wa serikali ya kikoloni, na Jyotirindranath alitunga tamthilia na tuni za piano huku akimwachia mdogo wake kazi ya kuzipatia maneno.

Jukwaa, majarida na ukumbi wa Bichitra

Kabla Rabindranath hajajua kusoma vizuri, nyumba ilikwisha kuwa na kikundi chake cha maigizo. Mwaka 1865 Jyotirindranath na binamu yake Gunendranath walianzisha Jorasanko Natyashala, yaani nyumba ya maigizo ya Jorasanko, wakatangaza zawadi kwa atakayeandika tamthilia ya kukemea ndoa za wake wengi, na kazi iliyoshinda, Naba-natak ya Ramnarayan Tarkaratna, ikaonyeshwa nyumbani hapo mwaka 1867. Miaka 14 baadaye, mwezi Februari 1881, Rabindranath aliigiza humo humo kama mhusika mkuu katika Valmiki Pratibha, tamthilia yake ya kuimbwa inayosimulia jinsi jambazi Valmiki alivyogeuka mshairi, na binti wa kaka yake aliyeitwa Pratibha akashika nafasi ya mungu-jike wa elimu, jambo lililohitaji ujasiri katika zama ambazo wanawake wa familia za heshima hawakuonekana jukwaani.

Majarida nayo yalitokana na mikono ya ukoo huo. Tattwabodhini Patrika, lililoanzishwa na Debendranath mwaka 1843 kwa ajili ya mafundisho ya Brahmo, lilichapisha mwaka 1874 shairi la Rabindranath bila kutaja jina lake, na Bharati, lililoanza mwaka 1877 chini ya uhariri wa Dwijendranath, lilimpa kijana huyo wa miaka 16 nafasi ya kutoa mashairi, insha na hadithi mwezi baada ya mwezi. Ni wazi basi kwamba nyumba ilikusanya mahali pamoja viungo vyote ambavyo fasihi huvihitaji, kwa maana ya mtunzi, mwalimu, mkosoaji, mhariri, jukwaa na hadhira, na mtoto aliyekulia humo aliona kutunga kuwa kazi ya kawaida ya watu wa nyumbani.

Nyumba ya pili, ile ya wageni iliyojengwa na Dwarkanath, ilirithiwa na tawi jingine la ukoo, na humo wajukuu wa ndugu yake Debendranath, Gaganendranath (1867–1938) na Abanindranath (1871–1951), walianzisha mwelekeo wa uchoraji uliojulikana baadaye kama Shule ya Bengal, uliokataa kuiga tu michoro ya Ulaya na kutafuta mbinu katika sanaa za India, Uajemi na Japani. Rabindranath mwenyewe aliongeza mwaka 1897 jengo lililokuja kuitwa Bichitra, na kati ya mwaka 1915 na 1919 ukumbi wake ulikuwa klabu ya sanaa ambamo wachoraji walifundisha, mashairi yalisomwa na tamthilia zilionyeshwa. Dak Ghar ilionyeshwa humo mwaka 1917, na miongoni mwa waliokuja kuitazama walikuwa Mohandas Gandhi na Annie Besant, waliokuwa Calcutta kwa mkutano wa chama cha Congress. Siasa pia haikubaki nje ya lango, kwani tarehe 16 Oktoba 1905, siku ambayo utawala wa Kiingereza uliigawa Bengal mapande mawili, Rabindranath aliondoka nyumbani hapo kwa miguu pamoja na wafuasi wake, wakiwafunga wapita njia, Wahindu kwa Waislamu, nyuzi za rakhi mkononi kama ishara ya udugu usiogawanyika.

Moja yabomolewa, nyingine yaokolewa

Tangu mwaka 1901 Rabindranath alihamishia shughuli zake nyingi Santiniketan, mahali pa mashambani alipoanzisha shule na baadaye chuo kikuu cha Visva-Bharati, na taratibu Jorasanko ikapungukiwa na watu. Alirudishwa huko mgonjwa mwezi Julai 1941, akafanyiwa upasuaji ndani ya nyumba tarehe 30 ya mwezi huo, na siku nane baadaye akafariki. Wakati huo mali ya ukoo ilikuwa imegawanyika miongoni mwa warithi wengi na gharama za matunzo zilikuwa nzito, na katika miaka ya 1940 nyumba ya pili, ile ya akina Abanindranath, ikauzwa na kubomolewa. Chumba alichochorea Abanindranath na veranda walikoketi wasanii kutoka Japani zilitoweka, na hasara hiyo haikuweza kufidiwa, kwa sababu picha zilizochorwa humo zimebaki lakini nafasi iliyozizaa haipo.

Ubomoaji huo uliwazindua wapenzi wa mshairi. Mwaka 1947, mwaka wa uhuru wa India, jumuiya iliyoitwa Rabindra Bharati iliundwa ikiongozwa na mwanahabari Suresh Chandra Majumdar kwa lengo la kuikomboa nyumba iliyobaki na kujenga mahali pa kumbukumbu ya mshairi. Serikali ya jimbo la West Bengal, chini ya waziri mkuu wake Bidhan Chandra Roy, iliingia katika jukumu hilo, na katika miaka ya 1950 ikaweka hapo akademia ya ngoma, maigizo na muziki ambamo mcheza ngoma mashuhuri Uday Shankar alikuwa miongoni mwa walimu wakuu. Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya Rabindra Bharati, makumbusho yakafunguliwa mwaka 1961 wakati wa maadhimisho ya miaka 100 ya kuzaliwa kwa mshairi, na tarehe 8 Mei 1962 Chuo Kikuu cha Rabindra Bharati kikaanza rasmi.

Uamuzi wa kuweka chuo mahali hapo ulikuwa na mantiki ya kihistoria zaidi ya unavyoonekana kwa haraka. Familia ya Tagore ilifundisha muziki katika nyumba hiyo kwa vizazi, iliigiza humo na ilihariri majarida humo, hivyo mwanafunzi anayekuja kujifunza Rabindrasangeet, jina linalopewa nyimbo za Tagore ambazo idadi yake inapita 2000, anaendeleza kazi ya nyumba na haingilii utulivu wake. Wimbo ni urithi wa namna ya pekee, kwani hati na noti zake zikitunzwa kwenye kabati kwa miaka 100 bila kuimbwa, kinachobaki ni karatasi. Hubaki wimbo pale tu ambapo mwalimu anamsahihisha mwanafunzi pumzi na lafudhi, na mwanafunzi naye akafika siku ya kumfundisha mwingine.

Gharama ya kuitumia nyumba

Njia hiyo haikukosa matatizo, na haki kwa Jorasanko ni kuyataja. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia, hata iwe kubwa kiasi gani, haiwezi kubeba chuo kikuu kinachokua, na mwaka 1976 chuo kilipata eneo la pili kwenye Barabara ya Barrackpore Trunk, ambako sehemu kubwa ya masomo ilihamia huku Jorasanko ikibaki na makumbusho, maonyesho na sehemu ya mafunzo. Shughuli nyingi huleta pia kishawishi cha kugawa vyumba, kuongeza ofisi na kubadili kuta, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Calcutta ililazimika kuzuia ujenzi na mabadiliko yaliyolalamikiwa ndani ya majengo hayo ya urithi. Tukio hilo linafundisha kwamba matumizi bila mipaka yanaweza kuiharibu nyumba sawasawa na kupuuzwa, na kwamba sheria ya urithi lazima iwe na meno hata dhidi ya wale waliokabidhiwa ulinzi.

Pamoja na matatizo hayo, matokeo yanaonekana. Makumbusho yanaonyesha chumba alimofia mshairi, michoro yake na ya ndugu zake, na kumbi zinazoeleza uhusiano wake na nchi kama Japani na China, na mgeni anaweza kuvipitia vyote kwa utaratibu wa makumbusho ya kawaida. Tarehe 25 ya mwezi wa Boishakh katika kalenda ya Kibengali, ambayo huangukia mapema mwezi Mei, umati hukusanyika tangu asubuhi uani mbele ya thakurdalan, na waimbaji, wengi wao wakiwa wanafunzi na wahitimu wa chuo, hupokezana nyimbo, mashairi na ngoma kuadhimisha siku ya kuzaliwa kwake. Wasikilizaji hao huja kushiriki jambo linalotendeka, na nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya ua huo zinasikika katika ua huo huo.

Nyumba ya mwandishi, basi, inahitaji ulinzi wa aina mbili unaotegemeana. Bila kuta hakuna mahali pa kuendelezea kazi, kama nyumba iliyobomolewa ya Abanindranath inavyothibitisha, na bila kazi kuta hubaki ganda ambalo kizazi kijacho hakitaona sababu ya kulilipia paa. Taifa lolote linalotaka kuenzi mahali alipokulia mtunzi wake lingefanya vema kwanza kuuliza ni nini kilichokuwa kikifanyika hapo alipokuwa mtoto, iwe ni kusimulia, kuimba, kuhariri au kubishana juu ya mashairi, kisha litenge fedha za mwalimu na mwanafunzi katika bajeti ile ile inayomlipa fundi wa matofali na chokaa, na kuipima kazi hiyo kwa idadi ya watunzi wapya wanaotoka humo wakiwa na kitu chao cha kusema.